Saini Zilizofagiwa

Kuna watu wakishalijua jambo moja vizuri huona wameyajua yote, na Mama Kamusi alikuwa mmoja wao. Sisemi kwa ubaya. Alikuwa na haki ya kuringa. Kamusi zote kuukuu zilizokuwa zikiozea kwenye makabati ya taasisi yao, yeye ndiye aliyeziingiza kwenye kompyuta, hadi leo mtoto wa shule akiandika neno kwenye simu linamjia na maana yake, aina yake, wingi wake na asili yake, bila kukosa hata nukta. Jina lake halisi lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Kazini, nyumbani, hata kwa muuza magazeti wa pale njia panda, alikuwa Mama Kamusi.

Kazi yote ilisimama juu ya kitu alichokiita kiunzi. Kompyuta, usiione hivi, haijui kusoma. Ukiipa ukurasa inaona msururu wa herufi, basi. Lazima uiwekee alama: hapa neno linaanza, hii ni aina yake, hii maana ya kwanza, hii ya pili, hapa mwisho. Kiunzi ndicho kinachoamua alama zipi ziwepo na zifuatane vipi. Ukisahau moja, kioo kinakuwa chekundu na kazi yako inakataliwa. Mama Kamusi alikitunga mwenyewe, akakifuma na kukifumua kwa miaka. Wageni wa taasisi nyingine walikuja kukinakili. Alipokisifu, macho yalimng'aa kuliko alipowasifu wanawe, na wanawe walilijua hilo.

Basi ikaletwa ensaiklopidia. Majuzuu manene yenye majalada ya ngozi, yaliyotoka moja moja kwa miaka mingi wakati wazee wetu wakiwa vijana, na ndani yake kila kitu kuanzia asali hadi ziwa. Mkurugenzi alitia mikono mfukoni akauliza kazi itachukua muda gani. Mama Kamusi alifungua juzuu moja, akaona maneno makubwa meusi yamepangwa kwa alfabeti, akalifunga.

"Ensaiklopidia ni kamusi iliyonenepa," akasema. "Kiunzi ninacho. Kabla mwaka haujaisha utakuwa umezindua."

Kama angesoma hata ukurasa mmoja hadi mwisho, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

Dalili ya kwanza ilimfikia kwa mdomo wa Kimya. Huyu alikuwa fundi wa programu, bwana mrefu mwenye miwani, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza.

"Mama Kamusi, njoo umwone nyuki," akaita siku moja.

Kwenye kioo, nyuki alikuwa amepitishwa kwenye kiunzi kama neno jingine lolote. Nyuki, nomino. Maana ya kwanza: malkia. Maana ya pili: ujenzi wa mzinga. Maana ya tatu: kurina asali. Maana ya nne: magonjwa.

"Sasa mimi nikiumwa na nyuki wa maana ya nne," Kimya akasema, "niende kwa daktari au kwa mwalimu wa lugha?"

Chumba kizima kikacheka, na Mama Kamusi akacheka naye, kwa juujuu. Alielewa kilichotokea. Mwandishi wa zamani alikuwa ameigawa makala yake kwa namba ili msomaji apumzike njiani, na kiunzi, ambacho maisha yake yote kimejua kwamba namba mpya ni maana mpya ya neno, kikamkatakata nyuki wa watu. Tena kwa kuwa kiunzi hakipokei kitu kisicho na aina ya neno, waweka alama walikuwa wakigonga "nomino" juu ya kila kitu: milima, majemadari waliokufa, hata vita vyenye kurasa thelathini. Vita hivyo vilikuwa vimeua maelfu ya watu, na pale vilikaa kimya vikaitwa nomino.

Mwingine angesimama hapo ajiulize maswali. Mama Kamusi alisema, "Badilisheni neno 'maana' liwe 'kifungu', tusonge mbele," na wakasonga. Haraka haraka haina baraka, tunafundishwa hilo tungali wadogo, kisha tukikua tunapewa tarehe ya uzinduzi.

Na bado kulikuwa na Ufagio. Hii ilikuwa programu ndogo, fahari ya pili ya chumba kile. Kurasa kuukuu zikishapigwa picha na kompyuta ikazisoma, huwa na uchafu: doa la kutu linasomwa kuwa nukta, mkunjo wa karatasi unasomwa kuwa herufi, na mara nyingi uchafu huo unaangukia mwishoni, pembezoni mwa ukurasa. Kazi ya Ufagio ilikuwa kupita mwisho wa maelezo ya kila neno na kuondoa herufi yoyote iliyosimama peke yake. Ulifanya hivyo kwenye kamusi zote na hakuna aliyelalamika. Walipouwasha kwenye ensaiklopidia ulifagia vilevile, kwa bidii, juzuu baada ya juzuu, na Mama Kamusi akaandika kwenye ripoti kwamba kazi ni safi.

Nyumbani aliishi na mume wake, fundi wa majokofu, na mama wa mume wake, mkunga mstaafu. Mume alikuwa mpole na mwenye busara. Alishajifunza kwamba wanawake wale wawili wakianza, mwanamume mwenye akili zake hukumbuka kuna jokofu la mtu mahali linamsubiri.

Mamamkwe alikuwa amevuka themanini na ulimi wake ungali na meno yote. Alipenda kupiga chuku, na familia ilishazoea. Kulikuwa na pacha aliowazalisha ndani ya lifti iliyokwama, na waziri ambaye yeye alimfukuza wodini kwa kuingia na viatu. Na kulikuwa na ile ya ensaiklopidia. "Makala ya uzazi kwenye vile vitabu vikubwa ni ya kwetu," alikuwa akisema, chai ikimiminwa, na watu wakaendelea kuomba sukari.

Jumamosi moja mchana Mama Kamusi alirudi na kompyuta yake ya mkononi, kifua mbele. Juzuu la herufi U lilikuwa limekamilika, naye alitaka mtu wa kumtambia.

"Fungua uzazi," mamamkwe akasema, akivaa miwani.

Akasoma midomo ikichezacheza, kichwa kikikubali. "Ndiyo yenyewe. Maji ya moto, kucha fupi, mdomo ufungwe."

"Mdomo wa mzazi, Mama?"

"Wa mkunga. Mzazi mwache apige kelele, ndiye mwenye uchungu." Alishuka hadi mstari wa mwisho, akasimama hapo. "Saini iko wapi?"

"Saini gani?"

"Ya aliyeandika."

Mama Kamusi alimwonyesha juu kabisa. Kiunzi kilikuwa na nafasi ya mtunzi mmoja kwa kitabu kizima, ndivyo kamusi zilivyo, na hapo palisomeka jina la Mhariri Mkuu wa zamani.

"Huyo?" mamamkwe akasema. "Bwana yule angeona kitovu angezimia. Kila makala ilikuwa na herufi mwishoni, ndani ya mabano, kuonyesha nani ameiandika. Umeifuta."

"Mama, kompyuta haifuti kitu bila kuambiwa."

"Basi umeiambia."

Kama kuna kilichomkera Mama Kamusi kuliko kukosea, ni kukosolewa sebuleni kwake. Akaeleza, kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya, kwamba kamusi alizozishughulikia zinatumika kila mahali na hakuna hata moja iliyowahi kupotezewa kitu.

"Kamusi sijakuuliza," mamamkwe akamkata. "Kamusi nikiiuliza uzazi, inaniambia ni hali ya kuzaa. Asante, kwani nilikuwa sijui? Kile kitabu kilikuwa na watu ndani. Kila mmoja alisema lake akaweka alama yake, ukitaka kugombana naye unajua pa kumpata." Akavua miwani, akaondoka, na kutoka jikoni akaongeza, "Nenda kaangalie."

Mume alikuwa ameshakwenda kwenye jokofu la mtu.

Jumatatu, kabla hata hajatua mkoba, Mama Kamusi alilichukua juzuu lenyewe, la karatasi, akafungua uzazi. Mwisho wa makala, pembeni kabisa, palikuwa na herufi moja ndogo ndani ya mabano. Akafunua ukurasa. Makala nyingine, herufi nyingine. Akafunua tena. Kila makala, kubwa kwa ndogo, ilimalizika na kijiherufi chake, na kwenye kompyuta yake hakukuwa na hata kimoja. Akavuta kiti, akakaa.

Kimya alikuja akasimama nyuma yake, akaangalia kitabu, akaangalia kioo. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alistahili jina lake.

"Ufagio," hatimaye akasema.

"Usiutupie Ufagio lawama," Mama Kamusi akajibu. "Ufagio hushikwa. Nimeushika mimi."

Herufi zile zilikuwa na maelezo yake. Mhariri wa zamani, ili kubana nafasi, alimpa kila mwandishi herufi, na majina yao kamili yakachapishwa kwenye juzuu la nyongeza. Juzuu hilo lilikuwa kwa mjalidi, fundi wa kushona vitabu, kwa kuwa mgongo wa kitabu ulikuwa umeoza, na lisingerudi hadi karibu na uzinduzi. Kwa hiyo makala ya uzazi ilikuwa na mwenyewe, ila jina lake halikujulikana bado. Si kwa Mama Kamusi, lakini. Yeye alimjua. Miaka yote hiyo mama wa watu amesema kweli, nasi tunaomba sukari.

Alikaa na kitabu kile asubuhi nzima, akakisoma kama ambavyo angepaswa kukisoma mwanzoni. Na jambo ambalo alikuwa amelipuuza likamkalia mbele ya macho, na mwenye macho haambiwi tazama. Maneno ya lugha hayana mwandishi. Tumeyakuta na tutayaacha, kamusi inayahesabu tu. Ndiyo maana hakuna anayetia saini chini ya neno "kikombe". Lakini mtu aliyeandika kurasa sita juu ya uzazi alikaa kitini, akachagua la kusema na la kunyamazia. Ukimwondoa, unabaki na kurasa sita ambazo hakuna aliyezisema. Kamusi ni bawabu: anakuuliza wewe nani, anakuandika, unapita. Ensaiklopidia ni mwenyeji, anakukalisha na kukusimulia hadi chakula kinapoa, na hakuna adabu ya kula kwa mtu usimjue jina.

Akapanda ghorofani kwa Mkurugenzi. Huyu alikuwa bwana nadhifu aliyependa tarehe kuliko chochote duniani, na ukutani kwake uzinduzi ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu.

"Navunja kiunzi," Mama Kamusi akasema. "Ensaiklopidia inahitaji chake, na majuzuu yote yapitiwe upya."

Mkurugenzi alidhani ni utani. Alipoona si utani akauliza ni kwa ajili ya nini, akaelezwa, akashika paji la uso. "Unataka kuniharibia mwaka kwa sababu ya herufi moja?"

"Herufi moja kwa kila makala, na mtu mmoja kwa kila herufi."

"Na nani atazitafuta?"

"Mamamkwe wangu ameshazitafuta. Ya uzazi ni yake mwenyewe."

"Mama Kamusi, nakuheshimu sana, lakini..."

"Kama siku ya uzinduzi ikifika kazi haijawa tayari," akamkatiza, "kiti changu mpe mwingine. Nitakuja kama mgeni, nitakaa nyuma, nitapiga makofi."

Alilisema bila kupepesa, kwa kuwa aliamini ataweza. Ndivyo alivyoumbwa, hata akikosea hukosea kifua mbele, na akirekebisha hurekebisha hivyohivyo. Mkurugenzi alimtazama, akatazama tarehe yake, kisha wazo likampitia usoni.

"Huyo mamamkwe wako yuko hai?"

"Tena sana."

"Basi atakuwa mgeni wa heshima. Mwandishi pekee wa ensaiklopidia ambaye bado yuko nasi. Nitamweka kwenye kadi za mwaliko." Akaandika mwenyewe, kwa wino uleule mwekundu, na Mama Kamusi akashuka ngazi furaha imempanda hadi kichwani.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wakayaoga. Aina ya neno ikatupwa, majemadari wakaacha kuwa nomino. Makala ikapewa ruhusa ya kuwa na vifungu, na vifungu kuwa na vifungu vyake, kina hadi kina. Michoro ikapata mahali pa kukaa. Ufagio ukafundishwa kuuliza kabla ya kufagia, na katika siku za kwanza uliuliza mno hadi Kimya akatishia kuacha kazi. Na mwisho wa kila makala ikawekwa nafasi ya mwenyewe. "Safari hii," Mama Kamusi akaagiza, "mwandishi asipokuwepo, kioo kiwe chekundu." Kioo kikawa chekundu kwa wiki nyingi, watu wakila wamesimama, wakigombana kwa sababu ya mabano, lakini uwekundu ukapungua, kisha ukaanza kuonekana kwa nadra.

Juzuu la nyongeza lilirudi kutoka kwa mjalidi keshokutwa ikiwa ndiyo uzinduzi. Mama Kamusi alilipokea kwa mikono miwili. Akafungua ukurasa wa waandishi, akatembeza kidole hadi kwenye herufi ya uzazi, akasoma jina.

Halikuwa la mamamkwe.

Akasoma upya. Akapitia ukurasa wote, juu hadi chini, chini hadi juu. Palikuwa na madaktari, mahakimu, mapadri, walimu, mfuga nyuki mmoja. Mamamkwe hakuwemo popote. Mwenye herufi ile alikuwa mwanamke ambaye Mama Kamusi hajawahi kumsikia.

Sitaficha alivyojisikia: alikasirika, akaaibika, na kwa dakika chache alimchukia mama wa mume wake. Kiunzi cha maisha yake amekivunja, kiti chake amekiweka rehani, kadi zimeshasambazwa, kumbe ni chuku ile ile ya pacha wa kwenye lifti.

Kimya alisoma juu ya bega lake na akaelewa kila kitu. Akainama. "Ni mstari mmoja tu," akanong'ona. "Naweka jina la mama hapo, tunalala usingizi. Wa miaka ile wote wameshakufa. Nani atakuja kulalamika?"

Usidhani hakushawishika. Alishawishika, na vidole vilikuwa juu ya vitufe. Kisha akavitoa.

"Nimebomoa nyumba nzima ili kumwondoa Mhariri Mkuu kwenye kiti cha mtu," akasema. "Sasa nimkalishe mamamkwe? Andika jina lililo kitabuni. Majina yote, kama yalivyo."

Akatoka kazini mapema, jambo lililowatisha waliomwona.

Mamamkwe alikuwa sebuleni akipiga pasi gauni la uzinduzi, la bluu, lenye vifungo vingi kuliko lazima. Mama Kamusi alisimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Mficha uchi hazai," mamamkwe akasema bila kugeuka. "Sema."

"Jina lako halimo, Mama. Kwenye uzazi limeandikwa jina la mtu mwingine."

"Ehe. La nani?"

Akamtajia. Pasi ikasimama angani, na uso wa bibi yule ukafunguka wote, ukawa wa mtu wa miaka thelathini.

"Limo," akasema taratibu. "Kumbe waliliandika lote."

"Lakini kila siku ulituambia makala ni ya kwenu."

"Ni ya kwetu, ya wodi yetu. Aliyeandika ni yeye, mkuu wangu, tulimwita Mkono Mwepesi. Mwandiko wake ulikuwa kuku kakanyaga wino, ndiyo maana nilimnakilia. Mwandiko wangu, akili yake. Wewe uliniuliza lini kama ni mimi niliyeandika?"

Mama Kamusi akatafuta kwenye kumbukumbu zake zote siku aliyouliza, hakuiona. Walichouliza siku zote ni sukari. "Kadi zimeshatoka," akasema kwa sauti ndogo. "Zimekuita mwandishi."

"Basi kadi zimekosea. Bingwa wa kusahihisha si ni wewe?"

"Sasa kama saini si yako, kwa nini uliing'ang'ania hivyo?"

Mamamkwe aliisimamisha pasi, akachomoa waya. Alipozungumza, safari hii hakuwa na kejeli.

"Mimi jina langu linatajwa humu ndani kila siku, tena mara nyingi kwa hasira. Nina mwana, nina mkwe mkaidi, nina wajukuu. Nikifa nitasemwa mpaka mchoke. Yule amezalisha nusu ya mji huu na mwenyewe hakujaliwa. Hana wa kusema huyu alikuwa mama yangu. Kile kijiherufi ndicho kilichobaki kwake, nawe ukakifagia."

Mama Kamusi alitaka kusema pole, akaona ni neno dogo. Alichukua gauni, akachomeka pasi, akamalizia mikono ya gauni, akazungusha pasi kwenye kifungo kimoja kimoja. Kisha akampigia simu Mkurugenzi.

"Kwa hiyo," Mkurugenzi akasema baada ya kuelezwa, "mgeni wangu wa heshima alikuwa mnakili."

"Mgeni wako ni shahidi. Aliyebaki peke yake. Naomba umtambulishe hivyo."

"Na kazi iko tayari?"

"Iko tayari," akasema, na kiti chake kikatulia.

Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alihutubia kwa muda mrefu, hasa kuhusu tarehe iliyotimizwa. Kisha, kumbe ni muungwana, akamtambulisha mamamkwe kama alivyoombwa, na mamamkwe akapanda jukwaani na gauni lake la bluu, akapokea kipaza sauti kama mtu aliyekingoja tangu ujana.

"Sikuja kuhutubia," akasema. "Nimekuja kumtafuta mtu. Mkwe wangu, liandike jina lake hapo." Akalitaja lote, lake na la baba yake, akalirudia ili walio nyuma wasikie.

Mama Kamusi akaandika. Kwenye kiunzi cha kale hili lisingewezekana. Ungeweza kutafuta neno tu. Hiki kipya kilikubali kuulizwa habari za mtu. Yeye mwenyewe hakuwa amejaribu jina hili bado, lilikuwa limeingizwa juzi, na alitegemea kuona makala moja. Kwenye kioo kikubwa zikatokea nne: Kitovu, Maziwa ya Mama, Utasa, Uzazi.

Mamamkwe alizitazama, kidole kikizihesabu hewani. "Kitovu niliinakili. Maziwa nilinakili pia, nilishasahau. Hiyo ya tatu siijui. Ifungue."

Ilikuwa makala fupi. Ilianza kwa ukavu, sababu na dalili, na dawa zisizofaa kitu. Ilisema kasoro huwa kwa mume kama ilivyo kwa mke, ijapokuwa anayeulizwa ni mke. Mamamkwe alisoma kimyakimya, midomo ikicheza, ukumbi mzima ukimsubiri, na alipofika mwisho akasoma kwa sauti, polepole:

"'Mkunga asiyezaa ataulizwa na kila mzazi kwa nini hana mtoto. Ajibu kwa upole, kisha aendelee na kazi.'"

Chini yake palikuwa na herufi ndani ya mabano, na jina kamili.

"Hii hakunipa nikainakili," mamamkwe akasema. Alikuwa hazungumzi na ukumbi. "Aliiandika peke yake, na ule mwandiko wake. Na mimi nilimwuliza. Siku yangu ya kwanza wodini. Alinijibu kwa upole, kisha akanionyesha mahali pa kunawia."

Mama Kamusi alilia pale pale, kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta na wageni wote, wala hakujisumbua kutafuta kitambaa. Mkurugenzi, ratiba mkononi, alinyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Mamamkwe hakumpa.

"Rudi mwanzo wa makala, mkwe wangu," akasema. "Ninaanza upya, wasikie wote."